Kwa watumishi wa umma mnaotakiwa kuishi mnakohudumu

Wanangu,

Wengi wenu mmeajiriwa kwa sharti la kuishi ndani ya mipaka ya mji au wilaya inayowalipa mshahara, na nasikia baadhi yenu mnapanga kujaza fomu kwa anwani ya shangazi au rafiki huku mkiendelea kulala kwingine. Nawasihi msifanye hivyo.

Sharti hili si uonevu mtupu. Askari wa zimamoto anayeishi karibu hufika upesi akiitwa usiku, na wananchi humwamini zaidi afisa ambaye maji yakikatika, naye hukosa. Hata hivyo lina uzito wake, kwani pango laweza kuwa juu kupita mshahara, mwenzi akawa na kazi mji mwingine, au mzazi mgonjwa asihamishike. Kwa kazi nyingi, mimi naona ni haki zaidi kupima umbali kuliko kumfungia mtu ndani ya mpaka.

Lakini msitegemee kwamba hoja ya uhuru wa kuishi upendapo itawaokoa mahakamani. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani iliupa ushindi mji wa Philadelphia, uliokuwa umemwachisha kazi askari wa zimamoto kwa kuhamishia makazi yake ya kudumu jimbo jirani la New Jersey, ingawa alikuwa ametumikia miaka 16. Miaka 16, wanangu! Katika Wisconsin, jimbo jingine la Marekani, nafuu ilitoka bungeni: sheria ya mwaka 2013 ilizuia miji kuwabana watumishi wake kwa makazi, ikaacha tu nafasi ya kuwataka polisi, zimamoto na watumishi wa dharura wasikae zaidi ya maili 15 kutoka mpakani, na mwaka 2016 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikaikubali licha ya pingamizi la mji wa Milwaukee.

Kwa hiyo anayeona sharti linamlemea aseme kabla ya kutia saini, aombe kusamehewa kwa maandishi na kutunza nakala ya jibu, na aulize amepewa muda gani wa kuhamia na, kama ana nyumba mbili, kanuni inahesabu ipi. Hoja ya umbali ipelekeni kwa mwajiri kupitia chama cha wafanyakazi, kwa uwazi.

Anwani ya uongo haifichiki kwa muda mrefu. Mchunguzi hutazama bili ya maji isiyoonyesha matumizi yoyote, shule wanayosoma watoto, kituo unachopigia kura, na mahali gari lako linapolala. Hapo shtaka halitakuwa la makazi peke yake, bali la kusema uongo katika tamko ulilotia saini, na doa hilo hukufuata hata unapoomba kazi pengine.

Aliyekwisha kuandika anwani isiyo yake atafute ushauri wa chama chake au wakili wiki hii, kisha aende mwenyewe kwa afisa utumishi kurekebisha fomu kabla hajaitwa.

Mzee wenu,
Mtumishi mstaafu