Kazi za Krismasi zianze Januari

Mhariri,

Kila Desemba wateja hunijia mbio hapa Moshi: "Mama, nitengenezee pango la Noeli la magome ya migomba, nalitaka Jumapili." Uchawi huo sina. Magome huvuliwa kwenye migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, yakaanikwa mpaka yalie kama karatasi ukiyakunja. Jua lake ni la Januari na Februari. Masika yakiingia Machi, gome bichi huota ukungu na gundi haishiki. Yangu nayaweka kwenye viroba darini jikoni, moshi ufukuze wadudu. Mvua ikinyesha nimekaa ndani nawafunga Yosefu, Maria, wachungaji na punda (miguu ya punda ndiyo inayonitoa jasho). Mabaki ya vitenge ya fundi jirani nayashona nyota za kutundika.

Nawaomba kina mama wa parokia na sharika waagize kabla ya Pasaka. Wanaotaka kupeleka Ulaya kwa meli wasinijie Novemba. Na tafadhali waje na nusu ya malipo. Dukani waya na gundi sikopeshwi.

Mama wa Magome,
Moshi