Kabla ya kulaumu makundi mabaya

Mhariri,

Mtoto akiharibika, haraka tunasingizia makundi mabaya. Sikatai, yapo. Lakini juzi nilimsikia binti yangu wa miaka minne akimfokea mwanasesere wake: "Nyamaza! Umenichosha!" Maneno yangu yaleyale, na kidole kimenyooshwa kama changu. Niliona haya.

Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa. Baadaye, walipoachwa na mwanasesere huyo, waliiga mapigo na hata maneno, kuliko wenzao ambao hawakuyaona. Hakuna aliyewaagiza.

Majirani, walimu na marafiki wana sehemu yao, tena huongezeka mtoto akikua. Ila mwanangu hajaanza hata shule. Hilo kundi baya alilijulia wapi?

Mzazi, msomaji wako