Coleman Young hakuiua Detroit

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala mliyoichapisha juma lililopita kuhusu miji ya Marekani iliyoporomoka, ambamo mwandishi wenu anadai kwamba Coleman Young, aliyekuwa meya wa Detroit, katika jimbo la Michigan, kwa miaka 20 mfululizo, ndiye aliyeufilisi mji ule na kuwakimbiza wakazi wake. Madai hayo yamerudiwa mara nyingi hata yamezoeleka, lakini hesabu zinayakataa.

Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu wapatao 1,850,000. Kufikia mwaka 1970 walibaki 1,511,000 hivi, na Young hakushika madaraka hadi Januari 1974. Kwa hiyo watu zaidi ya 330,000 walikuwa wamepungua kabla hajakalia kiti hicho. Kiwanda cha magari cha Packard kilifungwa mwaka 1956, kazi nyingine za viwandani zikahamia nje ya mji, na Wazungu wakazifuata huko, wakisaidiwa na mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali kuu, ambayo Weusi kwa sehemu kubwa walinyimwa. Kisha zikaja ghasia za Julai 1967 zilizoua watu 43. Ni kweli kwamba watu waliendelea kuhama wakati wa Young, wakabaki kama 1,028,000 mwaka 1990, lakini ngalawa hiyo ilikuwa inavuja zamani, na yeye alikabidhiwa kata ya kuchotea maji.

Mwandishi wenu hakusema lolote kuhusu mtu huyu alikotoka, na bila hilo siasa zake hazieleweki. Alizaliwa Tuscaloosa, Alabama, tarehe 24 Mei 1918, na wazazi wake walihamia Detroit mwaka 1923, wakaishi Black Bottom, mtaa wa Weusi upande wa mashariki. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha Ford. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa ofisa wa jeshi la anga, na Aprili 1945 alikuwa miongoni mwa maofisa Weusi waliokamatwa katika kambi ya Freeman Field, Indiana, kwa kosa la kuingia klabu ya maofisa ambayo wakubwa wao walitaka iwe ya Wazungu peke yao.

Mwaka 1952 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Wengi walioitwa huko walitetemeka au waliwataja wenzao. Young alimkatiza mwanasheria wa kamati na kumsahihisha namna alivyolitamka neno "Negro", jina walilokuwa wakiitwa Weusi wakati ule, akawaambia kwamba wamemdhania kuwa mpasha habari naye siye, na kwamba kuwanyima Weusi wa Kusini haki ya kupiga kura ndilo jambo lililo kinyume cha Umarekani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mbunge wa Georgia, moja ya majimbo hayo ya Kusini, na nadhani hakuufurahia mchana ule. Maneno hayo yalirekodiwa kwenye sahani ya santuri, ikauzwa katika mitaa ya Weusi ya Detroit.

Uchaguzi wa 1973 alishindana na John Nichols, aliyekuwa mkuu wa polisi wa mji, na hoja kuu ilikuwa kikosi cha polisi kilichoitwa STRESS, ambacho tangu 1971 kilikuwa kimeua watu wasiopungua 20, karibu wote Weusi. Young aliahidi kukivunja, akashinda kwa tofauti ndogo ya kura, akakivunja. Siku ya kuapishwa aliwaonya wauza dawa za kulevya na vibaka wote, wawe Weusi au Weupe, waondoke Detroit washike barabara ya Eight Mile. Sisi tungesema wafunge virago. Kwa kuwa barabara hiyo ni mpaka wa kaskazini kati ya mji na vitongoji, watu wa vitongojini walidai kwamba anawapelekea wahalifu, na wapo wanaoamini hivyo hadi leo.

Kuhusu fedha, mji uliomba kinga ya kufilisika Julai 2013, miaka 19 baada ya Young kuondoka ofisini. Yeye ndiye aliyepunguza wafanyakazi wa mji, na mwaka 1981 akawaomba wapiga kura wakubali kuongezewa kodi ya mapato, wakakubali. Meya anayeomba kura ili apandishe kodi si mtu wa kuitwa mbadhirifu. Aibu ya mkuu wake wa polisi, William Hart, aliyetiwa hatiani mwaka 1992 kwa kuiba fedha za idara, haifutiki, wala siitetei.

Lakini liko jambo zito kuliko hayo yote, na la kushangaza ni kwamba makala haikuligusa. Mwaka 1981, ili kampuni ya General Motors ijenge kiwanda, Young alitumia mamlaka ya serikali kutwaa mtaa wa Poletown: nyumba zaidi ya 1,000, maduka na makanisa, wakahamishwa watu wapatao 4,200, wengi wao wazee wenye asili ya Poland walioishi na majirani Weusi. Zilikuwa zimeahidiwa ajira 6,000. Kiwanda kilipofunguliwa mwaka 1985 na kwa miaka mingi baadaye, kiliajiri watu pungufu ya hao. Mtu aliyefanya hivyo alikulia Black Bottom, mtaa ambao nao ulibomolewa wote miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 kupisha barabara kuu na majengo mapya, hivyo alijua fika maana ya tingatinga mlangoni. Mahakama ya Juu ya Michigan iliuruhusu utwaaji wa Poletown, na ilipokuja kuutengua msimamo wake mwaka 2004, Young alikuwa amekwisha kufa miaka saba kabla yake. Mwandishi wenu akitaka kumshtaki, faili hilo ndilo la kufungua kwanza.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Tanga