Barua ya wazi kwa vijana wanaosoma majalada ya mirathi ya New Orleans

Wanangu,

Mnaochimba habari za watu huru wenye asili ya Afrika kule Louisiana, Marekani, kabla utumwa haujafutwa, mkifungua jalada msikimbilie wosia. Ulizeni kwanza habari ya ndoa. Sheria ilikataza Mzungu kufunga ndoa na mweusi au chotara, hata akiwa huru, hivyo watoto wao walihesabika wa nje ya ndoa. Ndugu wa baba aliyefariki waliingilia hapo kudai mali.

Kisha tafuteni hati ya kumtambua mtoto. Sheria ya madai ya 1825 ilitaka baba atamke mbele ya mthibitishaji na mashahidi wawili, kama hakufanya hivyo wakati wa kusajili uzazi au ubatizo. Hati isipokuwepo, mtoto huru mwenye asili ya Afrika aliruhusiwa kumthibitisha mahakamani baba wa asili hiyo tu. Baba Mzungu hakuthibitishwa, hata mtaa mzima ungejua.

Hata mtoto aliyetambuliwa alibanwa. Baba akiwa na watoto wa ndoa, huyu alistahili matunzo tu. Asipokuwa nao, lakini ana wazazi au ndugu, wosia ulikomea robo ya mali; wakiwepo jamaa wa mbali tu, theluthi. Msiichanganye na theluthi ya wasia wa Kiislamu tuliyoizoea pwani.

Mwanamke aliyeishi na marehemu kinyumba waziwazi, bila ndoa, hakuweza kupewa nyumba wala shamba. Vitu vinavyohamishika alipewa visivyozidi sehemu moja ya kumi ya mali yote. Watumwa sheria iliwaweka kwenye mali isiyohamishika, kwa hiyo nao hakuweza kupewa. Ndiyo maana swali zito likawa: mali hii aliipata mwenyewe, au ni zawadi iliyofichwa? Someni kesi ya Eulalie Mandeville, mwanamke huru mwenye asili ya Afrika aliyeishi kinyumba na Mzungu, Eugène Macarty. Eugène alifariki 1845 akiacha kama dola 12,000, na Eulalie ana zaidi ya 100,000 kwa jina lake. Jamaa wa Eugène wakadai fedha ni zao. Mwaka 1848 mahakama kuu ya Louisiana ilimpa ushindi Eulalie, kwa kuwa biashara yake ya bidhaa, ya miaka mingi, ilithibitika.

Nawasihi msipite haraka kwenye orodha ya mali. Kuna watu huru waliowanunua mke, mama au mtoto ili kuwatoa utumwani, wakafa kabla hati ya uhuru haijakamilika. Mpendwa huyo akaandikwa na bei yake pamoja na vyombo vya nyumbani, na wadai wa marehemu wakasubiri auzwe. Tena kuanzia 1857 Louisiana ilipiga marufuku kabisa kuwaacha watumwa huru, basi ahadi ya uhuru ndani ya wosia ikakosa nguvu. Linganisheni tarehe tatu: ya ununuzi, ya hati ya uhuru, na ya kifo. Mkikuta jina moja tu limeandikwa “mtumwa”, bila ukoo, msilifunge jalada. Lifuateni kwenye daftari la ubatizo na hati za mauzo, mpate kujua alikuwa nani kwa marehemu.

Mzee wenu