Risala ya Klabu ya Jiografia na Historia kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Wilaya ya Kutch, India

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu na wajumbe wa Kamati ya Skuli,
Wazee wetu waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja kufungua maonesho ya mwaka huu. Mada yetu ni wilaya moja ya mashambani huko India magharibi, Kutch, iliyomo katika jimbo la Gujarat. Tumeichagua kwa sababu hapa Mji Mkongwe kila siku tunapita chini ya roshani na mbele ya milango iliyowekwa na watu wa huko, na vitabu vyetu vya darasani vinawataja kwa maneno matatu tu, "wafanyabiashara wa Kihindi". Walitoka wapi hasa? Nchi yao ikoje, na kwa nini walivuka bahari? Kila tulipotafuta jibu tulifikishwa kwenye maji: yalipo, yasipokuwepo, na yanapohama.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kutch ndiyo wilaya kubwa kuliko zote nchini India. Ina kilomita za mraba 45,674; Rwanda nzima ingeingia ndani yake na nafasi ikabaki. Hata hivyo sensa ya 2011 ilihesabu watu 2,092,371 tu, kwani karibu nusu ya eneo hilo haikaliki. Katika ramani ya kwanza pale ukutani utaona kusini Ghuba ya Kutch, magharibi Bahari ya Arabuni, na kaskazini na mashariki uwanda mpana wa tope na chumvi unaoitwa Rann: Rann Kuu inayopakana na Pakistan, na Rann Ndogo ambayo Kutch inaigawana na wilaya jirani. Zamani mahali hapo palikuwa mkono wa bahari, ukajazwa na matope ya mito. Kuanzia Juni, pepo za masika yao huyasukuma maji ya bahari kuingia ndani, mvua na mito kama Luni nayo humwagikia humo, na uwanda wote hufunikwa na maji ya kina kifupi. Kuanzia Oktoba maji hukauka na kuacha ganda jeupe la chumvi. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa ya mwaka Kutch huwa karibu kisiwa.

Mvua yenyewe ni wastani wa milimita kati ya 350 na 400 kwa mwaka, hunyesha kwa siku chache, na ipo miaka ambayo haifiki hata nusu. Mito yote ni ya msimu. Watu wa Dholavira, mji wa ustaarabu wa Bonde la Indus ulioko kwenye kisiwa cha Khadir ndani ya Rann, walilijua hilo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Walijenga baina ya vijito viwili vya msimu, wakaziba mikondo, na wakachonga mahodhi makubwa kwenye mwamba kuuzunguka mji ili mvua ya siku chache itoshe mwaka mzima. UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2021. Mfano wa udongo ulioko meza ya pili unaonesha mahodhi hayo, na tunaomba usiupite haraka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukio lililoigeuza Kutch ni tetemeko la tarehe 16 Juni 1819. Kabla ya hapo tawi moja la mto Indus lilishuka hadi Lakhpat, bandari yenye ngome kaskazini magharibi mwa wilaya, na mpunga ulilimwa kwa maji yake. Mabwawa yaliyojengwa upande wa Sindh, ambayo leo ni jimbo la Pakistan, katika karne ya 18 yalikwisha kuyapunguza maji hayo. Tetemeko likamaliza kazi: ardhi iliinuka na kufanya tuta refu la zaidi ya kilomita 80, ambalo wenyeji waliliita Allah Bund, yaani tuta la Mwenyezi Mungu, kwa kuwa halikujengwa na mtu. Kusini yake ardhi ilizama na ngome ya Sindri ikaingia majini. Mto ulipozibwa, mashamba yalikufa na Lakhpat ikapungua mwaka hadi mwaka. Leo kuta zake bado zimesimama kuzunguka mji ulio karibu mtupu.

Tharia Topan alizaliwa Lakhpat mwaka 1823, miaka minne tu baada ya tetemeko. Alikuja Unguja akiwa kijana, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa zama zake na msimamizi wa forodha ya Sultani, na ndiye aliyeanzisha ujenzi wa jengo la Zahanati ya Zamani kule Malindi, hapa Mji Mkongwe. Wengine walitoka Mandvi, bandari iliyoanzishwa mwaka 1580 kwenye mdomo wa mto Rukmavati, ambako hadi leo mafundi huunda majahazi ya mbao. Msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba, majahazi yalishuka na nguo za pamba hadi pwani yetu; kusi ilipoanza yalirudi na pembe za ndovu na karafuu. Kampuni ya Jairam Shivji, ya watu wa Mundra, mji mwingine wa pwani ya Kutch, ilikodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi ya karne ya 19: ilimlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka, nayo ikajikusanyia ushuru wa asilimia 5 wa bidhaa zilizoingia. Alidina Visram, aliyezaliwa Kera, karibu na Bhuj, mji mkuu wa wilaya, alifungua maduka hadi Uganda, na skuli ya Mombasa yenye jina lake bado inafundisha.

Upande wa pili wa historia hiyo nao tunausema wazi. Mtaji wa wafanyabiashara hao ndio uliogharamia misafara ya bara, na misafara hiyo ilileta pembe pamoja na watu waliotekwa. Baadhi yao walivushwa hadi Kutch. Vizazi vya Waafrika waliofikishwa nchi hiyo vinaitwa Wasidi. Wapo Bhuj na miji mingine, na ngoma yao inaitwa goma. Kuyataja majengo ya matajiri na kuwasahau watu hawa ni kuisoma historia nusu.

Sasa tuje kwenye uchumi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, na tutakaa zaidi kwenye chumvi, kwa sababu Gujarat ndiyo inayotoa zaidi ya robo tatu ya chumvi ya India na Rann Ndogo ni mojawapo ya machimbuko yake. Wakulima wa chumvi huitwa agariya. Huingia uwandani mara maji yanapokauka, Oktoba, na familia zao zote, na hukaa hadi Aprili au Mei. Hawatumii maji ya bahari. Huchimba kisima kufikia maji chumvi yaliyo chini ya ardhi, ambayo ni makali mara kadhaa kuliko ya bahari, huyapandisha kwa pampu, na kuyaingiza kwenye majaruba yaliyopangwa kwa hatua. Kabla ya hapo sakafu ya jaruba hukanyagwa kwa miguu mitupu, siku baada ya siku, hadi tope ligande. Sakafu isiposhikamana, maji huzama ardhini na kazi ya wiki nzima hupotea.

Siri ya kazi hii ni kujua maji yamefikia ukali gani. Kipimo chake ni digrii za Baumé. Maji ya bahari yana takribani digrii 3 hadi 3.5. Jua linapoyapunguza, jasi hutangulia kutua, ndiyo maana kuna majaruba ya kwanza ya kuibakisha humo. Yakifika digrii 25 hivi, ambapo maji ya bahari yangekuwa yamebaki kama sehemu moja ya kumi, chumvi yenyewe huanza kuota. Hapo fundi huburura reki nzito ya mbao juu ya sakafu mara kwa mara ili chembe zisigandane zikawa bamba moja. Maji yakipita digrii 29 lazima yamwagwe, kwani baada ya hapo chumvi za magnesi hutua pamoja na ile njema, na mavuno huwa machungu na huvuta unyevu ghalani. Anayevuna mapema hukosa uzito. Anayechelewa huharibu ubora.

Maadui wao ni watatu. Mvua isiyo ya msimu huyeyusha kwa usiku mmoja kilichokuzwa kwa miezi. Maji matamu yanayofurika kutoka mifereji ya mto Narmada nayo huingia Rann na kuzamisha majaruba. Maji yaleyale yanayomwokoa mkulima humfilisi agariya. Wa tatu ni deni. Dizeli ya pampu ilikula sehemu kubwa ya mapato, na mara nyingi mkopo wa kuinunua ulitoka kwa mfanyabiashara yuleyule atakayenunua chumvi, basi bei akaipanga yeye. Pampu za jua zimelegeza kamba hiyo, na zinafaa kwa sababu nyepesi: siku inayokausha maji vizuri ndiyo siku inayoendesha pampu vizuri.

Kaskazini mwa Bhuj kuna nyika ya Banni, nchi ya wafugaji wanaoitwa maldhari. Nyati wao wa maziwa huchunga usiku, pasipo joto, na asubuhi hurudi wenyewe kukamuliwa. Pwani kuna ngamia wa aina ya Kharai, ambao huogelea baharini kufuata mikoko. Tatizo la Banni ni mti ambao ndugu zetu wa Kenya wanaujua kwa jina la mathenge. Huko India ulipandwa na idara ya misitu ili kuizuia chumvi isisogee. Ng'ombe hula maganda yake matamu, mbegu hupita tumboni bila kudhurika, na huota kwenye samadi popote mnyama alipolala. Kuukata kwa panga hakusaidii, maana machipukizi hutoka kwenye shina lililofukiwa na hurudi mengi kuliko mwanzo; sharti kung'oa shina chini ya ardhi, kisha kupanda majani mara moja pahala pake. Wafugaji wa Baringo, Kenya, wanapambana na mti huohuo.

Kwenye kilimo tutataja tende za Mundra tu. Mvua zao huanza mwishoni mwa Juni, wakati tende bado ngumu, nyekundu au njano. Ikiachwa iive na kukauka mtini kama ya Oman, mvua huipasua na kuiozesha. Kwa hiyo huvunwa na kuliwa ikiwa mbichi yenye utamu, na inabidi ifike sokoni upesi.

Katika ufundi, meza ya nne ina kitambaa cha ajrakh. Nguo huoshwa, hulowekwa katika mchanganyiko wa samadi ya ngamia, magadi na mafuta ya nyonyo, na huanikwa juani, kisha hutiwa rangi ya tunda la harda ili ishike dawa. Mistari myeupe hupigwa muhuri wa chokaa na gundi inayozuia rangi. Nyeusi hutokana na vyuma chakavu vilivyochachushwa na sukari guru, nyekundu hushikizwa kwa shabu, na buluu ni ya nili. Kati ya hatua hizo nguo huoshwa tena na tena, hivyo maji ndiyo malighafi ya kwanza. Baada ya tetemeko la 2001 maji ya kijiji cha Dhamadka yalizidi chuma, rangi zikafifia, na mafundi wengi wakahamia kijiji kipya walichokiita Ajrakhpur.

Tetemeko hilo lilipiga tarehe 26 Januari 2001, saa 2:46 asubuhi, kwa ukubwa wa 7.7, na inakadiriwa watu wapatao 20,000 walifariki. Nyumba zilizoua zaidi ni za mawe ya mviringo yaliyounganishwa kwa udongo chini ya paa zito la vigae: mawe hayashikani, ukuta hupasuka katikati na paa hufuata. Nyumba za kienyeji za bhunga, za duara, zenye ukuta mnene wa udongo na paa jepesi la nyasi, nyingi zilisimama, kwani duara halina pembe za kuachana. Katika kujenga upya, mwenye nyumba alijenga mwenyewe na serikali ikamlipa kwa awamu, kila awamu baada ya mhandisi kukagua mikanda ya zege yenye nondo usawa wa msingi, juu ya madirisha na chini ya paa, na nondo za wima pembeni. Kwa maoni yetu utaratibu huu ni bora kuliko kukabidhiwa nyumba iliyokwisha jengwa, maana fundi wa kijiji alibaki na ujuzi.

Bandari tutazitaja kwa ufupi. Karachi ilipobaki Pakistan mwaka 1947, India ilijenga Kandla. Mundra ilianza kazi mwaka 1998 na sasa ni miongoni mwa bandari kubwa kabisa za India. Leo majangwa ya Khavda, kaskazini mwa wilaya, yanawekwa paneli za jua katika mradi uliopangwa kufikia megawati 30,000.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu ina upungufu wa vifaa na ina maombi matatu. Kwanza, tupatiwe vipimo vinne vya Baumé na turubai mbili nyeusi, ili wanafunzi wakaushe maji ya bahari uwanjani na kuona jasi ikitangulia chumvi. Pili, tupatiwe picha za setilaiti za Rann zilizochapishwa, moja ya Agosti na moja ya Machi, kwa kuwa atlasi tuliyonayo inaionesha kwa rangi moja mwaka mzima. Tatu, tusaidiwe barua ya utambulisho kwa Nyaraka za Taifa, Kilimani, ili wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wasome kumbukumbu za forodha na za wafanyabiashara wa Kutch zilizohifadhiwa huko.

Sasa tunakuomba ufungue maonesho, uanzie meza ya kwanza.

Naomba kuwasilisha.