Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Wazee wetu, kina mama, ndugu wanachama wa chama chetu cha Waswahili wa Newcastle na vitongoji vyake, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Tulifuturisha, tulisherehekea Krismasi, darasa la Kiswahili la Jumamosi limeendelea, na tulizika wenzetu wawili, Mungu awarehemu. Fedha: tulianza na pauni 6,420, ada zikaingia 2,215, michango 1,340, tukatumia 4,870, zimebaki 5,105. Risiti zote anazo mweka hazina.

Niingie kwenye lililozua maneno. Machi kikao kiliamua kutoa pauni 1,200 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, kumsaidia binti yetu anayesomea shahada ya uzamivu ya akiolojia. Anachunguza vitu vya wenyeji na vya Kirumi, vya zama Warumi walipoingia Uingereza, vilivyofukuliwa kaskazini mwa England na Scotland. Nimeulizwa Warumi wanatuhusu nini. Nimeulizwa mbona tayari ana ufadhili. Na lililoniuma zaidi, imesemwa kwamba ni mpwa wangu.

Si mpwa wangu. Ananiita mjomba kama watoto wenu wote wanavyoniita. Hata hivyo, siku ya uamuzi nilimwachia makamu kiti na sikupiga kura. Kumbukumbu za kikao zipo.

Kuhusu ufadhili, ni kweli analipiwa ada na posho ya kujikimu. Lakini posho inamezwa na kodi ya chumba. Haimlipii nauli ya kwenda kwenye ghala moja la makumbusho hadi lingine, wala gharama za kupima vioo maabara. Pengo hilo ndilo tuliloziba, na wazo la kuliziba nililileta mimi. Silikani.

Mwezi Mei nilimsindikiza ghalani. Alivaa glavu, akafungua kiboksi, akaniwekea kiganjani kipande cha bangili ya kioo kisichofika urefu wa kidole gumba. Kilikuwa cha kijani kilichopauka kama barafu, na juu yake umepita uzi wa bluu na mweupe uliosokotwa kama kamba. Bangili za namna hii zilivaliwa huku katika karne ya kwanza na ya pili. Zinaokotwa ndani ya ngome za askari, na zinaokotwa pia kwenye nyumba za msonge za wenyeji. Kioo chake kwa sehemu kubwa ni cha Kirumi: vyombo vilivyovunjika viliyeyushwa upya, kisha mkono wa fundi ukavigeuza kuwa pambo la mtindo wa hukuhuku. Nilimkumbuka bibi yangu, aliyezitunga senti za mkoloni zenye tundu katikati akafanya kidani, akakivaa hadi kufa kwake. Hakuwa amegeuka Mwingereza kwa kuvaa zile senti.

Na hapo ndipo lilipo swali la binti yetu. Mwanzoni mwa karne iliyopita mwanahistoria Francis Haverfield wa Oxford aliieleza Uingereza ya kale kama nchi iliyostaarabishwa na Roma. Mwenyeji alipokea, akafanana na bwana wake. Hadithi hiyo sisi tunaijua, tulisomeshwa ya kwetu kwa sauti hiyohiyo. Leo watafiti wanauliza mwenyeji alichagua nini, alikataa nini, na alichokichukua alikifanyia nini. Nani wa kuuliza hayo vizuri kuliko mtoto aliyelelewa baina ya vitu vya kwao na vya ugenini?

Anayesema Warumi hawatuhusu apande metro hadi South Shields. Kwenye makumbusho ya ngome ya Kirumi ya Arbeia yuko Regina, mwanamke wa Kibritoni, yaani mwenyeji wa Uingereza ya kale, aliyefariki na umri wa miaka 30, amechongwa kwenye jiwe la kaburi lake ameketi na kikapu chake cha sufu. Mumewe, Barates wa Palmyra huko Syria, alimwacha huru kutoka utumwani, akamwoa, na chini ya maandishi ya Kilatini akamlilia kwa lugha ya kwao. Humo humo limo jiwe la kaburi la Victor, kijana wa miaka 20, Mmauri kutoka Afrika Kaskazini. Wageni wa mji huu hatukuanza sisi.

Sasa niseme bila kuficha. Kikao kile cha Machi kilihudhuriwa na watu 11 kati ya wanachama 64. Akidi kwa katiba yetu ni 10, kwa hiyo uamuzi ni halali. Waliopiga kelele kwenye simu wiki tatu baadaye, hakuna hata mmoja aliyefika. Siku ya pilau ukumbi ulijaa hadi mlangoni! Ada ni pauni 5 kwa mwezi, na waliokamilisha mwaka ni 23 tu. Wapo wanaodaiwa tangu mwaka juzi, na miongoni mwao wamo wanaotaka kujua pesa za chama zimekwenda wapi. Nimewapigia simu mwenyewe, jioni baada ya zamu za kazi. Inaumiza.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, binti yetu aje atuonyeshe alichokipata, tuwapeleke watoto kwenye Ukuta wa Hadrian, ule ukuta wa kale wa Warumi, na ikiwezekana tumsaidie kijana mwingine. Ukumbi wa kudumu bado tunautafuta. Wenye madeni wamwone mweka hazina leo kabla ya chakula.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti