Pesa za wazee hazinywewi, zinalipa madeni

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu nilipohamia Korogocho mwaka 1998 na sijawahi kukuandikia. Taarifa yenu ya Jumapili kuhusu pesa za msaada ndiyo iliyonifanya nimwombe mtoto kalamu. Mwandishi wenu anasema familia maskini zikipewa pesa taslimu, zinaishia kwenye chang'aa na uvivu, na kwamba afadhali zipewe chakula. Alimhoji mwenye baa na mwendesha bodaboda. Mwenye duka hakumhoji hata mmoja.

Mimi nina duka huku Kisumu Ndogo, ndani ya Korogocho, dirisha moja la mabati na rafu nne, na nina daftari la madeni lenye majina 31. Wamo wajane, wamo wazee wanaolea wajukuu, yumo mama mwenye mtoto asiyeweza kutembea. Siku pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, zinapoingia sihitaji redio kuniambia, kwa sababu mistari ya daftari huanza kukatwa kabla ya saa nne asubuhi. Kilichoandikwa kwenye mistari hiyo ni unga, mafuta ya kupima, sukari robo, kipande cha sabuni, makaa ya mkebe. Chang'aa siuzi, lakini wanaoiuza ni majirani zangu na wateja wao nawajua. Wengi ni vijana wa mjengo siku wanapolipwa. Kati ya majina yangu 31 yupo mzee mmoja anayekunywa pesa zake, sitamficha. Wale wengine 30 mwandishi wenu hakuwaona.

Serikali inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango ulianza mwaka 2004 kwa yatima, baadaye wakaongezwa wazee na watu wenye ulemavu mkubwa, na mwaka 2018 ukafunguliwa kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi asiyepata pensheni. Hizo 2,000 ni zile zile kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali mimi nimepandisha bei ya kila kitu dukani mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, kwa sababu nami napandishiwa.

Sasa nikueleze ya shosho wa ploti yetu. Ana miaka 76 na wajukuu watatu. Januari moja, malipo yalipokuwa bado yanachukuliwa benki, tulisikia kwamba ya miezi minne yametoka pamoja. Nilifunga duka nikamsindikiza. Mvua ilikuwa inanyesha na nauli ikapanda hadi 80, kwa hiyo watu wawili kwenda na kurudi ni 320. Tulifika saa moja asubuhi tukakuta mlolongo umefika barabarani, wazee wamekaa kwenye ukingo wa lami, wengine juu ya gunia, hakuna benchi. Tulipofika ndani saa saba, mashine ya kusoma alama za vidole ikakataa vidole vyake. Akaambiwa anawe kwa sabuni, akanawa. Akaambiwa apake mafuta, nikatoa yangu kwenye mkoba, akapaka. Kijana wa mashine akamwambia, mbele ya watu wote, "Shosho, vidole vyako vimeisha." Mhariri, mama huyu amefua nguo za watu Eastleigh kwa miaka karibu 40. Vidole vyake viliishia kwenye nguo za watu, akasomesha watoto wanne, akazika wawili, na leo anaambiwa kwamba mikono yake haimtambulishi! Nilipouliza tufanye nini, askari wa mlangoni akasema tushukuru, hizi ni pesa za bure. Nilimjibu kwamba Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inasema serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu na wanaowategemea, na kwamba shosho hakuja kuomba. Akanitoa nje. Tulirudi wiki iliyofuata, tukarudi tena wiki ya tatu, na siku hiyo ya tatu mashine ikakubali kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Jina la benki silitaji, lakini wanaofanya kazi pale wakisoma haya watajijua.

Alipewa 8,000. Kesho yake alikuja dukani, akanihesabia 3,150 za daftari. Mwenye nyumba akachukua 3,000 za miezi miwili. Sweta ya shule ya mjukuu 800. Nauli za siku tatu zilikuwa 960, nilikataa kuzipokea. Zilibaki 1,050, na humo akanunua nusu kilo ya nyama, wajukuu wakaila wakiwa wamesimama. Kama kuna anasa niliyoiona katika pesa hizo, ni hiyo nyama.

Hapo ndipo mwandishi wenu alipopaswa kuchimba. Pesa ya Oktoba ikiingia Januari haiwezi tena kuwa chakula cha Oktoba. Chakula hicho kililiwa Oktoba hiyo hiyo, kwa deni. Mimi sitozi riba, lakini mkopeshaji wa upande wa pili wa njia anatoza 20 kwa kila 100, na siku ya malipo husimama karibu na dirisha langu akingoja. Shosho anaonekana amepokea 8,000, ila nyingi tulizipokea mimi na mwenye nyumba, na kwa wengine huzipokea huyo jamaa. Mtu akitazama kwa mbali atasema pesa zimetolewa na umaskini uko pale pale. Zikiingia kila mwezi kwa wakati, naona tofauti kwenye daftari langu: watu hununua unga wa kilo mbili badala ya kupima, na bei ya kilo huwa nafuu.

Kwetu ni Siaya, ambako shirika la GiveDirectly limegawa pesa kwa simu kwa miaka mingi, wala hazikuletwa na mtu wa kuzisimamia jikoni. Watafiti walizifuata familia za Rarieda, huko huko Siaya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Waliopewa walikula vizuri zaidi, wakanunua mifugo, wakaezua nyasi na kuweka mabati, na matumizi ya pombe na sigara hayakupanda. Mabati hayo niliyaona kwa macho yangu nilipokwenda nyumbani Desemba. Baadaye zaidi ya familia 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na watafiti wakatazama hata majirani wasiopewa. Bei sokoni karibu hazikusogea, na majirani nao wakafaidika kwa sababu pesa zilizunguka. Mwenye duka yeyote angewaambia hivyo bila utafiti.

Kuhusu kugawa chakula, mwandishi wenu alikuwa wapi Aprili 2020, wakati wa korona? Kibera watu walikanyagana wakigombea msaada wa chakula, polisi wakarusha vitoa machozi. Mwaka huo huo familia chache mitaani mwetu zilitumiwa na serikali shilingi 1,000 kwa wiki kwa simu, na hakuna aliyekanyagwa. Kosa la mpango ule lilikuwa kwamba wengi waliostahili hawakupata na hawakuelezwa kwa nini. Nami nimeuziwa mchele wa msaada hapa dirishani kwa nusu bei, mara nyingi. Aliyeuleta hakuwa mlevi. Alitaka shilingi za mtungi wa maji, za choo cha kulipia na za kuni za kuupikia huo mchele.

Na hizo picha! Mwanasiasa anakuja na pakiti za unga zenye sura yake, mama anaambiwa ainue pakiti juu na kutabasamu, picha inazunguka kwenye simu za mtaa mzima kabla hajafika nyumbani. Binti wa jirani yangu alikataa kwenda shule siku mbili kwa sababu ya picha kama hiyo. Nawaomba nanyi mwache kuzichapisha.

Ninachotaka ni hiki. Pesa ziingie kabla ya tarehe 5, siku ambayo mwenye nyumba hupita. Kiwango kitazamwe upya kila mwaka kwa bei ya unga. Popote wazee wanapolipwa kwa mashine ya vidole pawe na benchi, nao wasajiliwe vidole vyote kumi, pamoja na msaidizi mmoja waliyemchagua wenyewe. Na mwandishi wenu aje akae dukani kwangu siku tatu, kuanzia siku malipo yanapotoka. Nitafunika majina na kumwonyesha daftari mstari kwa mstari, tangu mwaka 2015. Kreti ya kukalia iko. Nafungua saa kumi na moja na nusu asubuhi, na shosho huwa wa kwanza kufika.

Mama duka,
Korogocho, Nairobi